Paka Alihasiwa, Mume Wangu Ndiye Aliyeumia

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimepiga magoti sebuleni kwa mama mkwe wangu, huko Mau Narok, akina mama kumi na wawili wa kanisa lake wameniwekea mikono tumboni ili Mungu anipe mtoto wa kiume. Mmoja wao alikuwa na mikono ya baridi mpaka nikashtuka. Wakasema ni Roho ameshuka.

Kwa aliyeanza kusoma leo: naitwa Chemutai, mzaliwa wa Olenguruone. Niliolewa na Mwaura miaka minane iliyopita na tuna wasichana wawili. Wa kwanza ni Kui, aliyepewa jina la mama mkwe, Wangui. Wa pili ni Becky, aliyechukua jina la mama yangu, Rebecca. Kwa watu wa mume wangu, kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Baba mkwe, mzee Waithaka, alifariki miaka mitano iliyopita, na Mwaura ndiye kijana wake wa pekee. Kwa hivyo jina la mzee lilikuwa linangoja tumbo langu, na kila mgeni aliyeingia kwangu alilikagua kabla ya kunisalimia.

Mwaura alikuwepo siku ya maombi, ameegemea mlango, na aliitikia amina kwa sauti kuliko mchungaji.

"Tunajaribu, Mum," alimwambia mama yake baadaye, ameshusha macho. "Mungu ndiye anajua."

Halafu akaniangalia mimi. Mama yake akaniangalia mimi. Hata yule wa mikono ya baridi akaniangalia mimi. Nilimwonea mume wangu huruma siku hiyo. Nilisema moyoni, maskini, anavyomtamani kijana.

Maskini kitu gani. Sikilizeni yaliyonipata Jumatano.

Jumatano hiyo, katikati ya Julai, niliamka nikajipima. Mwezi wa Juni nilikosa siku zangu nikasema ni uchovu. Nilipokosa na za Julai, nilienda kununua kipimo kwenye duka la dawa lililo mbali na mtaa wetu, mahali ambapo hakuna mama wa kanisa anayenijua. Nilipima. Mistari miwili.

Nilikaa juu ya kifuniko cha choo nikalia kwa furaha, nikiwa nimefungulia bomba ili watoto wasinisikie. Kisha nikakifunga kipimo kwa tishu, nikakitia mfukoni mwa koti langu la kazi. Nilipanga kumwambia Mwaura jioni baada ya chakula. Kama ni mvulana au msichana sikuwa na habari. Nilitaka tu watu waondoe macho tumboni mwangu.

Ninafanya kazi kwenye kliniki moja ya mifugo, njia ya kupandia Milimani. Nikisema mifugo usifikirie ng'ombe. Ni mbwa wanaolala sofani na paka wenye majina mawili kama watu. Daktari Kibii hupasua. Mimi hushika, hufuta, na huongea na wenye paka, na hiyo ya mwisho ndiyo kazi ngumu.

Paka jike akiletwa kufungwa kizazi, mwanamume humweka juu ya meza na kuuliza arudi saa ngapi kumchukua. Paka dume akiletwa kuhasiwa, mwanamume huyo huyo huomba kiti.

Asubuhi hiyo tulianza na bwana mmoja wa suti ya kijivu, aliyembeba paka mweupe kifuani kama mtoto wa kubatizwa.

"Madam, hakuna njia ingine?"

"Njia ya nini?"

"Ya kumtuliza tu. Labda kumwongelesha."

"Fomu yako inasema anakojolea mapazia tangu mwaka jana, mzee. Mmemwongelesha mara ngapi?"

Akatazama mlangoni kama kuna anayetusikiliza, kisha akanisogelea.

"Basi daktari amwachie moja."

Niliandika kwenye fomu, mbele yake, kwa herufi kubwa: mwenye paka anaomba abakishiwe moja. Daktari Kibii alipoisoma alikohoa mpaka akatoka nje.

Hao ndio wanaume niliopewa kuwahudumia. Jike atapasuliwa tumbo zima, atolewe kizazi, ashonwe, na hakuna atakayetoa hata machozi ya kukopa. Dume atamalizwa kwa dakika kumi bila uzi, na nyumba nzima inaingia matanga.

Saa sita mama mkwe akafika. Alikuwa ameteremka mjini na pikapu ya jirani iliyoleta viazi sokoni, amebeba katoni ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa matundu na kufungwa kwa kamba ya katani. Ndani ya katoni alikuwemo Chifu.

Chifu ni paka wake, dume jeusi lenye sikio moja lililoraruka. Aliitwa hivyo kwa sababu anakula kila boma na hakuna siku analala kwake. Kazi yake ni kulinda stoo ya mbegu za viazi, lakini jike lolote likilia kule kwa jirani Kiprugut, Chifu anaondoka wiki mbili na panya wanapata uhuru. Msimu uliopita walitafuna magunia mawili ya mbegu iliyokuwa tayari imechipua. Siku ile ya maombi, tukiosha vyombo, nilimwambia mama mkwe kwamba paka akihasiwa anakaa nyumbani. Ni jambo la kwanza tulilokubaliana katika miaka minane.

Huyu mama sikuhitaji kumbembeleza. Marehemu mume wake alihasi ng'ombe wa kijiji kizima kwa lile koleo refu la chuma, na yeye ndiye aliyekuwa akiwashika mikia.

"Mama Kui, hii paka ikikatwa haitaenda tena kwa Kiprugut?"

"Haitaenda, Mama. Haitakuwa na kitu inatafuta huko."

"Basi ikatwe. Tulikata ndume ya ng'ombe, tukakata nguruwe. Paka nayo ni nani?"

Kwa mara ya kwanza nilimpenda mama mkwe wangu. Naungama hilo, kwa sababu ya yaliyofuata.

Mwaura ndiye aliyekuwa amekataa. Jumapili nilipomwambia, aliweka kijiko chini.

"Mnataka kumkata Chifu?"

"Ni paka."

"Ni mwanaume, Mama Kui. Huwezi tu kuamka asubuhi ukakata mwanaume."

"Krismasi ulichagua mbuzi gani kwa mama yako?"

"Hiyo ni nyama."

"Ulisema tuchinje yule alikatwa, ndio asinuke."

"Hiyo ni nyama," akarudia, akaondoka mezani, chai yake ikabaki ikipoa.

Mume wangu huuza mbegu za mahindi. Mchana kutwa yuko Njoro, Molo na Rongai akiwaeleza wakulima wazima mambo ya uzazi wa mimea bila haya yoyote. Lakini paka alimnyima usingizi tangu Jumapili hiyo. Nilidhani ni ujinga wa kawaida wa wanaume, ule ninaoufuta sakafuni kila siku kazini.

Chifu alikatwa saa saba. Alipiga kelele moja tu akidungwa sindano, akalala, na Daktari Kibii akamaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Mama mkwe alikuwa nje kwenye benchi na chupa yake ya chai na mkate. Yule bwana wa suti ya kijivu alikuwa amerudi kumchukua paka wake, akakaa karibu naye akipangusa macho.

"Wewe unalia nini?" mama mkwe akamuuliza. "Kwani ni wewe umekatwa?"

"Hapana, mathe. Namwonea tu huruma."

"Umeoa?"

"Nimeoa."

"Bibi yako alizaa watoto wangapi?"

"Wanne."

"Ulilia?"

Bwana wa suti akachukua paka wake akaondoka bila kungoja maelezo ya daktari. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilisema moyoni, leo nikishamwambia Mwaura, kesho nampigia huyu mama mwenyewe simu, ajue kabla ya kanisa lote.

Saa nane ikapita kidogo, Mwaura akaingia. Mama yake alikuwa amempigia simu amjie amrudishe Mau Narok, na bila shaka alimwambia amekuja na nani ndani ya katoni. Tai imelegea, funguo za gari mkononi.

"Yuko wapi?"

"Nani?" nikamuuliza.

"Chifu. Msimkate. Mum, nimekuja kumchukua."

Mama yake akamsukumia katoni kwa mguu. "Chukua. Imekwisha kukatwa."

Mwaura akachungulia. Chifu alikuwa amelala kwenye magazeti, ulimi nje, mkia umeinuliwa ili kidonda kibaki kikavu. Mume wangu akaegemea ukuta. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, nami nikamdharau kuliko nilivyomdharau yule wa suti, maana yule angalau si wangu.

"Hamkuniuliza," akasema.

"Wewe ni nani ya paka?" mama yake akauliza.

Daktari Kibii akatoka chumba cha upasuaji akijipangusa mikono. Ni mtu mpole, haoni watu, anaona tu maelezo anayotakiwa kutoa.

"Mama, mtandikieni magazeti siku nne, msimwekee mchanga, usije ukaingia kwa kidonda. Chakula ni akishasimama vizuri. Na kitu kingine. Msimwachilie akaribie majike kwa wiki nne hivi, hata sita. Bado anaweza kuzalisha."

"Kwani si umekata?" mama mkwe akauliza.

"Nimekata. Lakini mbegu ya nyuma bado iko kwa njia. Inachukua muda kuisha."

Na Mwaura, bila kuinua macho kutoka kwenye katoni, kwa sauti ya mtu anayerekebisha kosa dogo, akasema:

"Wiki sita ni kidogo, daktari. Ni miezi mitatu. Halafu unapeleka sampuli, wakikuambia iko clear ndio unakuwa sure."

Daktari Kibii akaacha kujipangusa. "Sampuli? Ya paka?"

Nimefanya kazi pale miaka sita. Sijawahi kuona paka akipewa kichupa aende nacho chooni.

"Nilisoma tu," Mwaura akasema. "Kwa internet."

"Ya paka?" nikamuuliza.

"Ya... kwa jumla."

Hapo ndipo Aprili yote iliponirudia. Wiki ya mwisho ya Aprili, shule zimefungwa, Mwaura alienda semina ya kampuni huko Eldoret. Alirudi anatembea amepanua miguu kama mtu aliyepanda punda. Alisema walicheza mpira wa timu akavuta msuli. Alilala kwenye sofa siku nne na pakiti ya maziwa ya kugandishwa mapajani, na mimi, mke mwema, nilikuwa nikimbadilishia ile iliyoyeyuka. Nilimkaangia maini. Niliwakataza watoto wasimrukie baba.

"Mwaura," nikasema, "ulikatwa wapi?"

"Kukatwa?" mama mkwe akauliza. "Nani amekatwa?"

Mume wangu akaomba kiti.

Sikumpa. Akakaa mwenyewe kwenye benchi, mahali alipokuwa amekaa yule wa suti, akaangalia viatu vyake.

"Nilifunga uzazi," akasema. "Ile operation ya wanaume. Sikutaka mtoto mwingine. Wawili wananitosha. Karo, nyumba, barabarani kila siku... nimechoka, Mum. Sikujua nitawaambia aje."

Niseme ukweli, maana hapa nimekuja kuungama na si kujipamba. Angeniambia, ningempeleka mimi mwenyewe. Hata mimi nilikuwa nimechoka. Mwanamume kukubali kukatwa ili mke wake apumzike, huyo ningemvulia kofia mbele ya wanaume wote wa Milimani. Kilichochemsha damu yangu ni ile amina. Alisimama mlangoni akawaacha wanawake kumi na wawili wanikamue tumbo, akijua mlango ameufunga yeye na ufunguo yuko nao.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alimwaga chai iliyobaki kwenye kikombe chake, si juu ya Mwaura, lakini karibu sana na viatu.

"Nilifunga siku saba bila kula," akamwambia. "Nilikusanya wamama kumi na mbili. Mama Kiprugut alitoka kitandani akiwa mgonjwa wa miguu akakuja. Wewe ulikuwa umesimama hapo kwa mlango."

"Mum..."

"Jina ya baba yako, Mwaura. Umeikata wewe mwenyewe na ukaacha nitukane bibi yako."

Kisha akanigeukia, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mzito, mkono wa jembe.

"Mama Kui, nisamehe."

Miaka minane. Nilikuwa nimeomba neno hilo kuliko nilivyoomba mtoto. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, na Mwaura pale kwenye benchi alikuwa mdogo kuliko Chifu.

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa na hadithi nyingine ya kuwaambia. Ningeenda nyumbani, nikafikiri, nikazungumza na mume wangu tukiwa wawili. Lakini mimi nina huu mdomo. Nilikuwa nimecheka wanaume tangu asubuhi na nilitaka kumaliza siku vizuri. Nilitia mkono mfukoni, nikafungua ile tishu, nikaweka kipimo juu ya kaunta.

"Basi ulikatwa bure," nikamwambia Mwaura, nikacheka. "Hii nimepima leo asubuhi. Hiyo miezi mitatu uliijua wewe mwenyewe, na hukungoja."

Mwaura akainua uso. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Hii ni nini?" mama mkwe akauliza.

"Ni mimba, Mama."

Akakichukua kile kijiti, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu. Mkono mmoja ukaenda mdomoni. Akasema jina la mumewe polepole, "Waithaka," kama anamwita mtu aliye chumba cha pili. Akanishika tumbo, bila mchungaji, bila mafuta, akacheka huku machozi yanamtoka. Daktari Kibii naye akatabasamu. Nilimtazama Mwaura kwa ushindi. Nakumbuka nilifikiria yule wa mikono ya baridi atasema nini.

Halafu mama mkwe akauliza swali la mkulima. Hakuwa na nia mbaya, naapa. Ni mtu wa kuhesabu siku za ng'ombe, anataka kujua mtamba atazaa lini.

"Mwaura, ulikatwa mwezi gani?"

Nilikuwa namtazama Mwaura na nikaona akichagua. Akisema Aprili, mtoto ni wake, na yeye ndiye mwongo aliyemkata baba yake jina, akaitikia amina, akarudi nyumbani akashindwa hata kungoja wiki alizoambiwa. Mama yake angeisimulia hiyo kanisani mpaka siku ya kuzikwa. Lakini palikuwa na mwezi mwingine ambao ungemtoa kwenye benchi na kunikalisha mimi.

"Novemba," akasema.

"Novemba gani?" nikamuuliza.

"Mwaka jana, Mum. Mwezi wa kumi na moja. Na sampuli nilipeleka Februari. Ilikuwa clear."

Mkono wa mama mkwe ulikuwa bado tumboni mwangu. Haukuondoka mara moja. Ulilegea kwanza.

"Anadanganya," nikasema. "Mama, ni Aprili. Alitoka Eldoret hawezi kutembea. Alilala kwa sofa siku nne na maziwa ya barafu, mimi ndiye nilikuwa namwekea."

"Huo ulikuwa msuli," Mwaura akasema, kwa upole, akimtazama mama yake na si mimi. "Tulicheza mpira. Mama Kui anajua ulikuwa msuli, hata alimwambia Becky baba amevuta msuli."

Ni kweli nilimwambia Becky. Mwaura ndiye aliyenipa uongo ule Aprili, na sasa alikuwa ananipiga nao.

"Karatasi ya hospitali iko wapi?"

"Nilichoma. Sikutaka uione."

"Piga simu kwa hospitali. Piga sasa hivi, weka sauti, tusikie wote."

"Siwezi kuanza kutangaza mambo yangu kwa simu mbele ya watu, Chemu. Si umenidharau vya kutosha leo?"

Na ni kweli nilikuwa nimemdharau. Nilimdharau mbele ya mama yake, mbele ya bosi wangu, nikacheka, na kile kicheko bado kilikuwa chumbani pamoja nasi. Nani angemwamini mwanamke aliyetoka kucheka hivyo?

Nilimgeukia Daktari Kibii. Alikuwa amekwisha kuchukua chupa ya spiriti, anasoma maandishi ambayo amekuwa akiyasoma kila siku tangu afungue kliniki.

"Daktari, wewe ulimsikia. Alisema miezi mitatu."

"Nilisikia miezi mitatu," akasema. "Mwezi gani, sikusikia. Mimi ni daktari wa wanyama, Chemutai. Mambo ya nyumba siyajui."

Akaingia ndani akafunga mlango. Mwanamume mwingine huyo. Anaweza kuhasi madume kumi kwa siku na hana la kumwambia mmoja aliyesimama.

"Tutapima DNA," nikamwambia mama mkwe. "Mama, nisikilize. Mtoto akizaliwa tutapima, utaona."

"Tutapima," Mwaura akaitikia upesi. Bila shaka. Miezi saba ni mingi, na huko mbele atatafuta mwezi mwingine.

Mama mkwe alikiweka kile kijiti juu ya kaunta, akakilaza vizuri. Akafunga kifuniko cha chupa yake ya chai. Akakunja mfuko wa mkate. Mimi nilikuwa naongea wakati wote huo, sijui nilikuwa nasema nini, najua nilitaja Mungu na nilitaja marehemu mzee Waithaka. Akanipa mgongo, akainama, akafunga katoni ya Chifu kwa ile kamba ya katani, mafundo mawili.

"Akizaliwa mtapima," akasema. "Mpaka hapo, wajukuu wangu yenye najua ni wangu watakaa na mimi."

"Mama, wako shule."

"Wanatoka saa ngapi?"

Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Mwaura.

"Saa tisa," Mwaura akajibu.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika thelathini na tano. Shule yao iko upande wa mtaa wa Section 58, mwendo wa dakika kumi kwa gari. Gari lilikuwa la Mwaura na funguo zilikuwa mkononi mwake tangu aingie.

Nilisimama mlangoni. Mama mkwe alisimama mbele yangu na paka wake kifuani.

"Toka kwa njia, Chemutai," akaniambia. Hakuniita Mama Kui.

Sikutoka. Mwaura akanishika bega akanisogeza, bila nguvu nyingi, kama unavyosogeza mbuzi kwenye njia. Wakashuka ngazi. Nikasikia mlango wa gari, kisha wa pili, kisha gari likawaka.

Nilirudi ndani kutafuta simu, na nilipoipata gari lilikuwa limekwisha kupotea barabarani. Mwalimu wa darasa la Kui anaitwa Winrose, tunafahamiana, huleta paka wake kwetu. Alipokea kwenye mlio wa kwanza.

"Mwalimu, ni Mama Kui. Sikia. Usiwaachilie watoto wangu leo mpaka nifike. Mtu yeyote akija, hata kama ni baba yao, mwambie angoje. Nachukua boda sasa hivi."

Nyuma yake nilisikia sauti za watoto wakikariri kitu.

"Mama Kui, kwani kuna nini?" akasema. "Baba Kui ametoka kunipigia sasa hivi. Amesema nisimpe mtu yeyote watoto isipokuwa yeye. Nikamuuliza, hata mama yao?"

"Akasema nini?"

"Akasema hasa mama yao."